Kabla ya Nadharia, Kitambaa
(Mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa, Kisumu)

Wanafunzi wapenzi, hamjambo. Nianze na tatizo la Kiswahili chetu: neno "kisasa" limebeba enzi mbili. Ukiandika "sanaa ya kisasa", msomaji hajui kama ni Picasso wa 1907 au mchoraji aliye hai leo. Basi taja mwaka, kila mara. Wapo wanaoanza kuhesabu sanaa ya leo miaka ya 1960, na wapo wanaoanzia 1989, pale Paris ilipoonyesha kazi za wasanii zaidi ya 100, karibu nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Marekani.

Sasa tumtazame Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, 1984. Hupaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba kutoka hapa jirani, Uganda. Gome hubanduliwa, hulainishwa kwa moto au mvuke, hugongwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka lipanuke, kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. Kitambaa hicho huwa na matundu na mishono, wala uso wake haulingani kama turubai. Mchoraji hana budi kuamua: mshono huu upite shingoni mwa mtu, au kando yake? Na kumbukeni, kwa Baganda lubugo ni vazi la kutawazia na pia ni sanda.

Mwanafunzi anayekimbilia nadharia huandika "ukoloni" na "utambulisho", maneno yanayofaa picha yoyote ile, kwa hiyo hayasemi lolote kuhusu hii. Kaa mbele ya kazi dakika 20. Kumi za kwanza andika unachokiona tu. Neno "inaashiria" ni marufuku. Kisha nakili kibandiko: jina, mwaka, malighafi, vipimo, kimo kikitangulia upana. Usitegemee picha ya simu, maana humeza mishono na kupoteza ukubwa. Hapo ndipo uulize: kwa nini watu hawa wamechorwa juu ya sanda?

Armitage alikutana na lubugo katika soko la watalii. Kwa hiyo zoezi lenu wiki hii liko sokoni: tafuteni kinyago kimoja cha jiwe la Tabaka, Kisii, mkipime, mkieleze kwa maneno 150, kisha mjibu ni nani anayeamua kiitwe sanaa au zawadi ya mgeni.