1HZ Iliyochoka: Pima Kwanza, Tabo Baadaye

Wakubwa shikamooni, vijana habari zenu. Nimeombwa nizungumzie injini iliyotembea sana, na hapa Arusha nikisema hivyo kila fundi anawaza 1HZ ya Land Cruiser. Silinda 6, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ilitoka mwaka 1990 na hadi leo ndiyo inayopeleka wageni mbugani.

Mwenye gari huja na malalamiko mawili: linakula oili, na mlimani halivuti. Halafu anasema, "Fundi, nifungie tabo." Hayo ni matatizo mawili tofauti, tusiyatibu kwa dawa moja.

Tuanze na oili. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili. Ikikupumulia usoni kwa nguvu, ringi za pistoni au silinda zimekwisha. Toa hedi, kile kipande kinachofunika silinda juu, pitisha kidole juu ya silinda, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Utakuta ngazi, ukingo uliobaki pale ringi zisipofika. Kidole kinakuambia ngazi ipo, hakikuambii ni kubwa kiasi gani. Chukua geji ya ndani, ya kupimia kipenyo cha silinda, pima juu, katikati na chini, kisha igeuze nyuzi 90 upime tena. Ovahoo nyingi, yaani injini zilizofunguliwa na kukarabatiwa zote, zinazorudi gereji kabla ya mwaka ni ringi mpya zilizofungwa kwenye silinda iliyokwisha kuwa na umbo la yai. Hazitaziba hata zikiwa orijino. Hapo bloku ikachongwe, ipokee pistoni za ovasaizi, kubwa kidogo kuliko za mwanzo.

Na kabla ya kuchonga, tafuta vumbi liliingilia wapi. Udongo wa nyanda za Serengeti ni majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na unakwangua chuma. Klampu moja iliyolegea kati ya chujio la hewa na manifoldi inatosha kuua kazi yote mliyolipia.

Sasa mlima. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya bahari, na kule kanieneo ya hewa imepungua karibu robo. Pampu inaendelea kutoa mafuta, hewa ya kuyachoma haitoshi, ndiyo maana moshi mweusi. Kwa hiyo hamu ya tabo ina sababu, siwezi kumkatalia mteja. Lakini sikilizeni vizuri: tabo ya presha ndogo, mafuta yakibaki yalivyo, hupunguza joto la ekzosti, kwa sababu hewa imeongezeka. Linalopandisha joto ni mkono wa fundi kwenye skrubu ya pampu, ile inayoongeza mafuta. Mteja anataka gari liruke, fundi anakaza skrubu, miezi michache baadaye hedi imepasuka.

1HZ ina udhaifu wake hapo. Mafuta hayapigwi juu ya pistoni, yanapigwa kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, na moto unatoka humo kwa koo jembamba ukichoma sehemu moja ya pistoni. Mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa silindani, ni 22.4 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, aliyezaliwa na tabo kiwandani, ana 18.6 kwa 1 na mafuta yanaingia moja kwa moja silindani. Usiitendee 1HZ kana kwamba ni 1HD-T.

Kwa hiyo mimi fedha ya mteja naielekeza kwanza kwenye rejeta, feni, thamostati na kupima nozeli zinazopuliza mafuta. Halafu geji ya joto la ekzosti, kitambuzi chake kikae kabla ya tabo. Sifungi tabo bila geji hiyo, mteja akasirike asikasirike. Kwenye mlima mrefu nisingependa isomeke zaidi ya nyuzi 650 za Selsiasi. Na mkanda wa taiming uwe mpya. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Sogeeni mezani. Hedi hii tutaisafisha tutafute nyufa kati ya valvu, silinda moja baada ya nyingine, kabla ya kuzungumza bei ya kitu chochote.