Mkataba Umepokelewa Mtandaoni, Mbona Hauna Mwenyewe?

Asalaam aleikum, karibuni. Narekodi nikiwa barazani kwetu Langoni, Lamu, punda wakipita na mizigo. Leo tuna mkataba mahiri, yaani programu inayoendeshwa kwenye blockchain, wa chama cha manahodha wa mashua: kila mwanachama huweka mchango, na mweka hazina peke yake ndiye anayeruhusiwa kutoa. Nimeupeleka Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum, ukapokelewa bila kosa. Sasa tazameni. Nikiuliza owner, yaani mwenyewe, ni nani, najibiwa anwani ya sifuri tupu: hakuna. Kiwango cha mchango nilichoandika 500, nacho kinasoma sifuri.

Msikimbilie kuupeleka upya. Mkataba huu umeundwa ili uweze kuboreshwa baadaye, kwa hiyo una sehemu mbili. Proksi ndiyo inayoshika pesa na kumbukumbu. Mantiki ina msimbo. Proksi huazima msimbo huo kwa delegatecall na kuutumia juu ya kumbukumbu zake yenyewe. Lakini konstrakta, kipande cha msimbo kinachoweka thamani za mwanzo, hufanya kazi mara moja tu, mantiki inapopelekwa, na huandika kwenye kumbukumbu za mantiki. Ni kama kuandika wanachama wenu kwenye daftari la jirani: majina yapo, ila daftari lenu ni jeupe.

Basi toeni konstrakta ile. Badala ya Ownable, msimbo wa tayari wa kuweka mwenyewe, tumieni OwnableUpgradeable ya maktaba ya OpenZeppelin, kisha andikeni funksheni ya initialize yenye alama ya initializer, inayoizuia isiitwe mara ya pili. Ndani yake iteni __Ownable_init na anwani ya mweka hazina. Katika toleo la 5 la maktaba hiyo, anwani hiyo ni lazima, na sifuri inakataliwa.

Ile 500 ihamisheni humo humo ndani ya initialize. Thamani inayoandikwa pale kigeu kinapotangazwa huwekwa wakati mmoja na konstrakta, kwa hiyo hupotea vile vile. Kama haitabadilika kamwe, iwe constant. Hiyo hukaa ndani ya msimbo.

Hapa pelekeni macho. ERC1967Proxy, ndiyo proksi yetu, inapokea vitu viwili: anwani ya mantiki, na data ya kuanzishia, yaani mwito wa initialize. Data hiyo msiiache tupu mkisema mtaita initialize baadaye. Katikati hapo mtu yeyote anaweza kuiita kabla yenu, na hazina ya wazee wa mashua ikawa yake. Kupeleka na kuanzisha viwe muamala mmoja.

Mantiki nayo ifungwe. Rudisheni konstrakta kwa kazi moja tu: kuita _disableInitializers, inayozuia initialize isiitwe kwenye mantiki yenyewe. Mimi hili siliachi kamwe. Novemba 2017, mtu mmoja aliita initWallet, funksheni ya kuanzisha, kwenye maktaba ya pochi za kampuni ya Parity iliyoachwa bila kuanzishwa, akawa mwenyewe, kisha akaiangamiza. Zaidi ya ether 500,000, sarafu ya Ethereum, zikakwama kwenye pochi zilizoitegemea.

Mkikuta kosa la InvalidInitialization, angalieni kwanza anwani mnayoiita. Mara nyingi ni ya mantiki, ambayo tumeifunga wenyewe. Iteni ya proksi. Kama ni ya proksi, basi imeshaanzishwa. Mkiongeza vigeu wakati wa kuboresha, tumieni alama ya reinitializer yenye namba 2.

Haya, napeleka tena. Owner: anwani ya mweka hazina, hiyo hapo. Kiwango: 500. Sasa naita initialize mara ya pili kwa pochi nyingine… imekataa. Waiteni manahodha waanze kuujaribu.