Kifaa Kikishaingia Mwilini Ni cha Nani?

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa sheria, na ninyi wa udaktari mlioacha wodi kuja kutusikiliza jioni hii, karibuni. Mada niliyopewa ni sheria na maadili katika kuongeza uwezo wa mwili wa binadamu. Ni pana mno, kwa hiyo nitashika jambo moja: kifaa kikishapandikizwa au kuungwa kwenye mwili wa mtu, sheria ikichukulie kuwa mwili au bidhaa? Mimi nasema ni mwili, na ningependa Bunge letu hapa Dodoma liseme hivyo mapema.

Msidhani nazungumzia mambo ya ng'ambo. Hapo hospitali ya Mvumi wazee wetu wanatolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi bandia, ufundi alioanzisha daktari Harold Ridley jijini London mwaka 1949. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017. Wenye betri za moyo tunapanda nao daladala moja. Wengi huanza kwa kuuliza kama jambo fulani ni tiba au ni kuzidisha uwezo kupita kawaida. Sioni kama swali hilo linamsaidia hakimu. Mzee mwenye lenzi leo anaona kuliko rika lake lote kijijini, na hakuna atakayemshtaki kwamba amezidisha. Hakimu anachohitaji kujua ni nani ana haki gani juu ya kile kitu.

Sikilizeni yaliyowapata waliopandikizwa Argus II, jicho bandia la kampuni ya Second Sight ya Marekani. Mgonjwa anavaa miwani yenye kamera ndogo. Picha inakwenda kwenye kompyuta ndogo anayotembea nayo, inageuzwa kuwa mawimbi, na mawimbi yanapokelewa na elektrodi 60, yaani vipande vidogo vya kupitisha umeme, zilizobandikwa ndani ya jicho upande wa nyuma. Haoni sura ya mtu. Anaona madoa ya mwanga, lakini kwa aliyekaa gizani miaka mingi, kujua mlango uko wapi ni jambo kubwa sana. Watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni ikaanza kuwaarifu kwamba inaachana na kifaa hicho, na mwaka 2020 ikapunguza karibu wafanyakazi wake wote. Vipuri vikawa vya kuokoteza, fundi hakuna. Mgonjwa mmoja alihitaji MRI, kipimo cha kupiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku kali, na kwa mwenye chuma kichwani huwezi kupima bila maelezo ya mtengenezaji. Mtengenezaji hakupatikana.

Australia ilikuwa kinyume chake, na mimi naiona mbaya zaidi. Mama mmoja mwenye kifafa aliwekewa kwenye ubongo kifaa cha kampuni ya NeuroVista, kilichomtahadharisha kabla kifafa hakijampanda. Maisha yake yakabadilika. Kampuni ikaishiwa fedha, jaribio likafungwa, akaambiwa kifaa kitolewe. Yeye na mumewe walikuwa tayari kuweka rehani nyumba yao wakinunue. Haikuwezekana. Akafanyiwa upasuaji, kikatolewa. Nauliza wanasheria wenzangu: tungeliita hilo tendo gani, kama kilichotolewa kingekuwa kidole?

Sasa tuje kwenye vitabu vyetu. Chukulieni kijana wa bodaboda aliyekatwa mguu baada ya ajali, akapata mguu wa bandia. Kwenye ugomvi pale Majengo mtu anauvunja kwa makusudi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 241 cha shambulio la kudhuru mwili na kifungu cha 326 cha kuharibu mali. Mwendesha mashtaka atakimbilia 326, kwa sababu mguu una risiti ya dukani. Lakini aliyevunjiwa simu anatembea mwenyewe hadi kituo cha polisi. Huyu atabebwa.

Tuseme tena mguu huo aliupata kwa mkopo na sasa rejesho limemshinda. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinamzuia dalali wa mahakama kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa. Sheria hiyo ni ya mwaka 1966, na mguu wa bandia haukutajwa. Wakili hodari atauingiza kwenye nguo au kwenye zana za kazi, na huenda akashinda. Kinachoniuma ni kwamba itabidi asimame abishane. Na wakopeshaji wa kausha damu, mikopo midogo ya riba kubwa, hawaendi mahakamani hata kidogo. Wanafika na kirikuu asubuhi, wanabeba godoro, tivii na chochote chenye bei. Dada zetu wanawajua vizuri.

Kazini napo hali itabadilika. Mwaka 2018 Ford walisambaza kwenye viwanda vyao 15 viunzi vya kuvaa vinavyoubeba uzito wa mikono ya mfanyakazi anaponyanyua vitu juu. Leteni viunzi vya namna hiyo, vya kubeba mizigo, soko la mahindi la Kibaigwa wakati wa mavuno, ambako makuli wanalipwa kwa gunia. Mgongo utapona, hilo ni jema na nalitaka. Lakini kuli aliyekataa kuvaa atapata mzigo wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja misingi ya ubaguzi uliokatazwa, ulemavu ukiwemo. Kukataa kuvaa mashine hakumo, na kuli wa gunia mara nyingi hana hata mkataba wa kumpeleka kwenye sheria hiyo.

Na kifaa hukusanya habari. Chile waliliona hili: mwaka 2021 walibadilisha katiba yao kulinda shughuli za ubongo na habari zitokanazo nazo. Agosti 2023 Mahakama yao ya Juu ikaiamuru kampuni ya Emotiv ifute taarifa za ubongo za Guido Girardi, seneta wa zamani, zilizochukuliwa na kifaa cha kuvaa kichwani alichokinunua mwenyewe. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Ni mwanzo mzuri. Ubongo utajwe kwa jina.

Ninachopendekeza si kigeni. Kampuni za madini katika nchi hii zinatakiwa kuweka dhamana ya kurekebisha ardhi, ili zikiondoka lisibaki shimo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikisajili kifaa cha kupandikizwa, iombe dhamana ya aina hiyo: fedha za matunzo kwa umri wote wa kifaa, na michoro pamoja na programu yake vihifadhiwe nchini, ili kampuni ikifa mafundi wetu waweze kuendelea. Kanuni ya Adhabu iongezewe tafsiri kwamba mwili ni pamoja na kiungo bandia kinachotumika. Kifungu cha 48 kiongezewe mstari mmoja. Kutoa kifaa mwilini kihitaji ridhaa ya mwenye mwili, kama tunavyodai wakati wa kukiweka, hata kama mkataba wa kampuni unasema vingine.

Ninyi wa udaktari hamhitaji kusubiri Bunge. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili, na kabla mgonjwa hajaweka sahihi au dole gumba aelezwe kifaa kimetengenezwa na nani, betri itaisha lini, nani atakihudumia kampuni ikifungwa, na kama ataweza kupimwa MRI. Akiruhusiwa kurudi Bahi au Mpwapwa, aondoke na kadi yenye jina na namba ya kifaa chake, na nakala ibaki kwenye faili. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na walioko nyuma.