"Asili Yenu Wapi?" Leso, Karafuu na Watu Waliokuja na Pepo

HAJI: Asalaam aleykum wapenzi wasikilizaji. Tuko Kikwajuni, hapa Unguja mjini, dirisha tumeliacha wazi kwa sababu feni inanguruma kuliko sisi, kwa hivyo mkisikia vikombe vinagongana huyo ni muuza kahawa, si fundi mitambo wetu. Miye Haji, mtu wa Makunduchi.

MWANAIDI: Waaleykum salaam. Na miye Mwanaidi, Mpemba wa Wete, nasema mapema ili anayetaka kuzima azime. Kaka Haji, leo naanza na kisa.

HAJI: Kisa au umbea?

MWANAIDI: Vyote. Juzi nilikuwa kwenye posa ya binti wa shoga yangu. Mambo yanakwenda vizuri, sharbati imenyweka, mzee mmoja wa upande wa pili akajifuta mdomo akauliza, "Na nyinyi asili yenu wapi?"

HAJI: Lahaula! Hilo suali.

MWANAIDI: Kimya. Maana shoga yangu babu mzaa baba alikuja na jahazi kutoka Shihr, kule Yemen, akiuza kahawa kwa dele kama huyo hapo nje. Upande wa mama kuna bibi aliyeletwa kutoka bara, na namna alivyoletwa haitajwi mbele ya watoto. Mwengine Mtumbatu. Sasa aseme ipi? Akamtazama mzee, akamjibu, "Asili yetu Gombani."

HAJI: (anacheka) Gombani pale penye uwanja wa mpira! Mwanamke huyo apewe maua yake. Lakini yule mzee namuelewa, kwetu suali hilo halijawahi kuwa dogo. Kwetu Kizimkazi Dimbani pana msikiti wenye maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya kale, kwenye kibla, mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Watu wa huko wanakwambia wao Washirazi, wazee wao wametoka Uajemi. Ukiwauliza wametoka lini na kwa chombo gani, wanakuletea chai.

MWANAIDI: Na Unguja Ukuu kumechimbuliwa vigae vya China vya zamani kuliko huo msikiti. Vyombo vilikuwa vinashuka na kaskazi, vinarudi na kusi. Baharia anangoja pepo zigeuke, miezi inapita. Mtu hakai miezi yote hiyo anahesabu mawimbi. Anaoa.

HAJI: Anaoa, anakopa, anagombana na jirani. Ndiyo historia yetu hiyo. Skuli sisi tulifundishwa kwa mafungu: Wareno, Waarabu, Waingereza, kila mmoja na miaka yake kama wapangaji wanaopokezana chumba. Ukiitazama lugha unaona kwamba hakuna mpangaji aliyehama na vitu vyake vyote.

MWANAIDI: Mfano?

HAJI: Gereza. Kwa Kireno *igreja* ni kanisa. Pale Forodhani Wareno walikuwa na kanisa. Waomani walipowatoa Wareno pwani hii, Mombasa ilipoanguka 1698, wakajenga ngome palepale. Ngome baadae ikafungiwa watu. Neno limetoka kwenye sala likaishia kwenye pingu. Leo ndani ya Ngome Kongwe watu wanacheza muziki wa tamasha la Sauti za Busara.

MWANAIDI: Meza, bendera, kasha, karata, vyote vya Mreno. Muhogo nao walituletea wao kutoka Amerika, na sisi tunaapa kwamba bila muhogo hakuna Pemba. Tena mchezo wetu wa ng'ombe, tunaambiwa ni wao, ingawa ng'ombe wetu hauawi, anachezwa kisha anarudi zizini. Lakini miye leo nataka tukae kwenye leso.

HAJI: Kaa, dada. Wewe ukishaingia kwenye nguo hutoki.

MWANAIDI: Sitoki kweli. Sikiliza. Mwaka 1833 Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, anafunga mkataba wa biashara na Marekani, na 1837 wana konseli wao, balozi mdogo, hapa Mjini. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wanaleta pamba nyeupe ngumu, isiyotiwa rangi. Watu wakaiita kwa jina la waliokuja nayo: merikani. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo ya mtumwa. Ikitiwa nili ikawa nyeusi inayoelekea buluu, inaitwa kaniki, nayo nguo ya mtumwa na ya maskini. Ukimuona mwanamke njiani hukuwa na haja ya kumuuliza asili yake, nguo imeshakujibu.

HAJI: Na kichwa hakufunika.

MWANAIDI: Hakuruhusiwa, kujifunika ilikuwa heshima ya waungwana. Sasa zikaja leso za rangi. Neno lenyewe la Kireno, kitambaa cha mkononi. Wanawake wa mjini wakawa wananunua vitambaa ambavyo havijakatwa, wanavishona pamoja, anapata kipande cha kujifunga na cha kujitanda. Humo ndimo ilimotoka kanga. Halafu 1897 utumwa unafutwa kisheria. Na hapo pana jambo linaniuma kila nikilisoma: aliyelipwa fidia ni bwana. Mtumwa ilikuwa lazima aende mwenyewe kortini kudai uhuru wake.

HAJI: Na akishaupata hana shamba, hana nyumba.

MWANAIDI: Hana kitu. Basi akipata visenti vya mwanzo anakwenda kununua nini? Kanga! Anavua merikani, anavua kaniki, anajitanda rangi nyekundu barabara nzima ya Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, imuone. Baadae na buibui juu. Leo mgeni anashuka uwanja wa ndege ananunua kanga anasema ni vazi la asili. Ni kweli, lakini ni asili ya watu walioambiwa hawana asili, wameishona kwa pamba ya Mmarekani, neno la Mreno na mtaji wa Mhindi.

HAJI: Siti binti Saad naye katika hao hao. Mtoto wa Fumba, kazaliwa karibu na 1880 kwa watu waliotoka bara, alikuwa akiuza vyungu. Taarabu wakati huo ni ya ikulu, Sultani Seyyid Barghash kaichukua kutoka Misri, inaimbwa Kiarabu. Siti kaitoa ikulu kaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurikodiwa sahani.

MWANAIDI: Chombo Misri, sahani India, maneno Ng'ambo.

HAJI: Haya, na karafuu? Maana Mpemba akikaa dakika kumi bila ya kutaja karafuu anaugua.

MWANAIDI: Nilikuwa nakungoja wewe. Mkarafuu si mti wetu, yakhe. Kwao ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Wafaransa wakautorosha hadi visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Seyyid Said alipoona bei yake, akahamisha makao kutoka Muscat, akawalazimisha wenye mashamba wapande. Na karafuu haingoji. Ikishaanza kuwiva lazima ichumwe kabla haijafunguka ua, inataka mikono mingi kwa wakati mmoja. Mikono hiyo ikatafutwa Nyasa, ikatafutwa kwa Wayao, ikatafutwa Manyema. Ule mti umehama, na kwa ajili yake wakahamishwa watu kwa maelfu, wao bila ya hiari.

HAJI: Na Pemba ikawa kisiwa cha karafuu kwa bahati mbaya ya Unguja.

MWANAIDI: Kimbunga cha 1872! Kikang'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba kikaturuka. Tangu hapo nyinyi mnatununia.

HAJI: Hatununi, tunakumbuka tu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, manowari za Kiingereza zinamtisha Barghash, soko la watumwa pale Mkunazini linafungwa. Krismasi ya mwaka ule ule Waanglikana wanaweka jiwe la kanisa palepale sokoni. Kwa hivyo katika mji huu tuna kanisa lililogeuka gereza, na soko la watu lililogeuka kanisa. Waingereza wenyewe siwawekei muda mrefu, vita vyao nasi vya Agosti 1896 havikufika hata saa moja.

MWANAIDI: (anacheka) Maskini Seyyid Khalid, sultani wetu wa vita hivyo. Lakini hapo siwaachi upesi hivyo. Hao ndio waliotuhesabu. Wakaleta madaftari yenye visanduku: Mwarabu, Mhindi, Mswahili, Mshirazi, na kadhalika, chagua kimoja. Katika sensa ya 1924 maelfu kwa maelfu walijiandika Waswahili. Ilipofika ya 1931, kundi hilo karibu limetoweka.

HAJI: Walikufa?

MWANAIDI: Wako hai, wamehamia kisanduku chengine! "Mswahili" lilikuwa linasikika kama mtu asiye na kwao. Na baadae, Vita Kuu ya Pili, mgao wa chakula unapita kwa visanduku hivyo hivyo. Kisanduku kikawa na bei. Mtu mmoja, mama yule yule, lakini karatasi ndiyo inayosema utakula nini.

HAJI: Na vyama vikaja vikasimama juu ya visanduku. Afro-Shirazi 1957, jina lenyewe ni visanduku viwili vimegundishwa. Juni 1961, siku ya uchaguzi, machafuko, watu 68 wakauawa.

MWANAIDI: Wengi wao Wamanga, Waarabu waliokuja karibuni kutoka Omani. Wenye vijiduka vya shamba, wageni kuliko wenye mashamba wenyewe. Miaka miwili na nusu baadae, 12 Januari 1964.

HAJI: Hapo nataka niseme kitu kwa utaratibu. Babu yangu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi. Zile eka tatu ndizo zilizomsomesha baba. Kwetu Mapinduzi hayakuwa habari ya kitabuni, yalikuwa mnazi na muhogo na mtu kwa mara ya kwanza anaita shamba lake.

MWANAIDI: Najua. Na eka zile zilikuwa na mtu.

HAJI: Zilikuwa na mtu.

MWANAIDI: Babu yake shoga yangu, yule wa Shihr, duka lake alilifunga usiku akatoka na funguo mfukoni. Ndugu zake wako Muscat, wengine Dubai, wengine London. Ukienda Muscat leo unasikia Kiswahili sokoni, kile cha zamani, wanasema maneno ambayo hapa wamebaki nayo vikongwe. Mmoja wao anatengeneza urojo kule, analalamika maembe si yale.

HAJI: Na huyo naye ukimuuliza asili yake anajibu nini?

MWANAIDI: Kule anaitwa Mzanzibari. Hapa aliitwa Mwarabu.

(kimya kidogo, vikombe vya kahawa nje)

HAJI: Wewe unajua kwa nini napenda Mwaka Kogwa? Watu wanadhani ni kwa sababu ya ubwabwa. Kila Julai pale Makunduchi wanaume wa pande mbili wanapigana kwa mashina ya migomba. Kweli wanapigana, usije na shati jipya. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima anamtafuta mwenzake humo. Wanawake wamevaa, wanapita wanaimba, tena maneno mengine hapa hewani siwezi kuyasema. Kisha kinachomwa kibanda cha makuti, na kila nyumba inapika, na mgeni yeyote anaitwa ale.

MWANAIDI: Na hiyo mnasema ya Kiajemi.

HAJI: Nauruzi. Ya Waajemi iko Machi, yetu Julai. Hiyo miezi minne imepotelea baharini.

MWANAIDI: Basi kabla sijamalizika na wewe, nikupe moja ya kwetu. Sisi Wapemba tumehama kila namna. Kuna wavuvi waliofuata samaki hadi pwani ya Kenya miaka mingi nyuma, kabla ya Mapinduzi, na wengine baada yake, wakabaki huko Kwale na Kilifi. Januari 2001, yale machafuko ya baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 2,000 walivuka kwenda Shimoni, Kenya, kwa vyombo. Mjomba wangu mmoja alikuwemo, alirudi baada ya miezi, hadi leo ukimuuliza bahari ilikuwaje anasema, "Ilikuwa na maji."

HAJI: Wapemba na majibu yenu.

MWANAIDI: Sasa wale wa zamani, wavuvi, wamezaa, wamejukuu kule Kenya, na hawakuwa na kitambulisho. Ukiomba kitambulisho unaulizwa kabila. Wanasema Mpemba. Wanaambiwa hilo si kabila la Kenya, ni kisiwa cha Tanzania. Huku kwetu nako hawajazaliwa. Mvuvi hana karatasi, hawezi kufungua akaunti ya benki, mtoto anakwama. Wengine wakajiita kwa makabila ya jirani ili wapite.

HAJI: Visanduku vile vile.

MWANAIDI: Vile vile! Hadi mwaka 2023, serikali ya Kenya ikawatambua rasmi: Wapemba ni moja ya makabila ya Kenya. Wakapewa vitambulisho.

HAJI: Ngoja. Kwa hivyo wewe uliyezaliwa Wete...

MWANAIDI: Miye wa Wete sina kabila. Ukiniuliza nitakutajia visiwa, majahazi na bibi asiyetajwa. Lakini binamu yangu wa Shimoni, ambaye Pemba hata hakuiona, yeye ni Mpemba kwa mhuri wa serikali.

HAJI: Yule mzee wa posa umemwambia hii?

MWANAIDI: Nilimwambia wakati wa halua. Akatafuna, akatafuna, kisha akaniuliza, "Na huyo binamu yako, ana mtoto wa kiume?"

HAJI: (anacheka) Hebu nimwite muuza kahawa.