Rangi Imo Kwenye Laka: Kufufua Kasha la Redio ya Vali

Ndugu mafundi na wapenzi wa redio za zamani, karibuni. Iliyo hapa mezani ni Philco 90, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1931. Ina vali 9 (zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista), na kasha lake limepinda juu kama dirisha la kanisa. Umeme wake tutauacha kwa siku nyingine. Leo ni mbao tu.

Kosa linaloua makasha haya hufanyika asubuhi ya kwanza: fundi anashika msasa. Mbao mnayoiona si gogo zima, ni vinia ya mjozi, yaani ubao mwembamba uliogandishwa juu ya mbao nyingine, unene wake haufiki milimita 1. Halafu ule weusi wa kitako na wa mapambo ya upinde haumo kwenye mbao hata kidogo. Kiwandani waliupulizia ndani ya laka, ule utando unaofunika na kung'arisha mbao. Ukiibabua laka, yaani kuiondoa yote, rangi inaondoka nayo, na unabaki na kasha la rangi moja lisilofanana na lilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, piga picha kila upande, mchana, nje ya jua kali.

Chomoa vitufe, fungua boliti za chini, toa chesisi (fremu ya chuma inayobeba vali na nyaya) na spika. Usiwashe redio kujaribu, na usiingize vidole kwenye chesisi: kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji. Karatasi ya maelezo iliyogandishwa ndani isipate maji wala thina.

Sasa jua unashughulika na nini. Chagua mahali pasipoonekana, gusa kwa kitambaa chenye spiriti. Ikinata, ni shelaki (king'arishio cha utomvu wa wadudu). Isiponata, jaribu thina ya laka. Ikilainika, ni laka ya nitroselulosi, ambayo ndiyo ya kawaida kwa redio za miaka hiyo. Vyote viwili vikishindwa, pengine mtu aliwahi kuipaka vanishi. Mara nyingi uchafu wenyewe ni nta na moshi wa sigara tu: tapentaini na sufu ya chuma laini kabisa, namba 0000, vinatosha, na hapo kazi imeisha. Ila sufu hiyo isikaribie spika. Vumbi lake la chuma hunaswa kwenye sumaku, na kulitoa ni mateso.

Vinia iliyobanduka ndiyo yenye kazi. Kiwanda kilitumia gundi ya ngozi, na unyevu huiachisha. Penyeza kisu chembamba, kwangua gundi ya zamani, pulizia vumbi nje. Gundi mpya ya ngozi iloweke kwenye maji baridi mpaka ivimbe, kisha ipashe moto ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji moto, nyuzijoto 60 za Selsiasi hivi. Ikichemka imekufa, haishiki tena. Paka, funika kwa karatasi ya nta, weka kibao, bana kwa saa 24. Bila karatasi ya nta, kibao nacho kitagandia hapo. Kama vinia imevimba katikati, ichane kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, ingiza gundi kwa bomba la sindano, kisha bana vilevile.

Panapokosekana kipande, kata kiraka chenye umbo la mtumbwi, ncha zake zikifuata nyuzi. Kiraka cha mraba huonekana toka mlangoni. Vinia ya zamani ilikuwa na milimita 0.9 hivi, ya siku hizi mara nyingi ni 0.6. Kiraka kitazama, na huwezi kukiinua kwa msasa. Gandisha vipande viwili pamoja kwanza, ndipo ukisawazishe taratibu na vinia ya jirani.

Ikiwa lazima kubabua, tumia dawa ya kubabulia na kikwangulio cha plastiki. Bunduki ya joto hapana, maana inaamsha gundi yote. Msasa namba 220 kwa mkono, pasi mbili tatu kufuata nyuzi, basi. Mjozi una vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya mbao, vijaze kwa kijazio cha kahawia cha mafuta: paka, ngoja kififie, futa kwa gunia ukikatiza nyuzi, si kuzifuata, acha siku 2. Baadaye laka ya msingi, kisha laka yenye rangi kwenye mapambo ukiwa umefunika pengine pote, mwisho laka angavu mikono 4 hadi 6, nusu saa kati ya mkono na mkono. Pulizia penye hewa, mbali na moto wowote. Mvuke wake hulipuka.

Wa Mombasa na Dar mnisikilize hapa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, laka inanasa maji na kuwa nyeupe kama maziwa. Ngoja siku kavu, au changanya thina inayochelewesha kukauka. Weupe ukishatokea, mara nyingi kupulizia thina hiyo kidogo huuondoa.

Usisugue kabla ya wiki 2. Laka bado inanywea, na ukiwahi kuing'arisha, vinyweleo vitarudi kama mashimo ya sindano. Kisha msasa wa maji namba 1000, halafu sufu 0000 na nta.

Kitambaa cha spika kiwe cha mwisho. Paka gundi kidogo kwenye ubao, si kwenye kitambaa, kwani ikipenya inaacha doa. Nyuzi zake zisimame wima: zikipinda kidogo tu, upinde wa kasha utazionyesha.