Karatasi Nyeupe: Picha za Reptilia Wanaouzwa Mtandaoni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba taa za mbele zipunguzwe kidogo ili picha ionekane. Mlioketi nyuma, mnaona? Huyu ni geko chui, Eublepharis macularius, mjusi mdogo wa usiku ambaye wengi wenu mnamfuga. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva, macho yanang'aa, kichwa amekiinua, na nusu ya mwili wake iko nyuma ya jiwe. Picha hii ndiyo iliyonifanya nimnunue, miaka kadhaa iliyopita, kwa muuzaji niliyemkuta mtandaoni.

Picha ya pili niliipiga mwenyewe, dakika chache baada ya kufungua boksi. Mnyama ni yuleyule. Madoa ya kichwani yanalingana doa kwa doa. Lakini rangi ni njano iliyofifia, miguu ya mbele imepinda, na mkia ule uliofichwa na jiwe ni mwembamba kama penseli. Kwa wasiomfuga: geko chui huweka akiba ya mafuta mkiani. Ukiuona mkia wa namna hii, jua mnyama amekwisha kuila akiba yake. Nilipomgusa taya kwa ncha ya kidole, lilibonyea. Mifupa ilikuwa imelainika kwa kukosa kalsiamu na vitamini D3, na mifupa hailainiki kwa siku mbili za safari. Siku alipopigwa picha ile nzuri, alikuwa mgonjwa tayari.

Nilirudi kwenye picha ya kwanza, nikaikagua upya. Tazameni hapa chini, pembeni mwa jiwe. Kuna kipande cha karatasi ya kupangusia, ile nyeupe ambayo wengi wetu tunatandika kwenye vizimba. Ngoja nikikuze. Karatasi ina rangi ya chungwa. Aliyemkoleza mjusi rangi kwenye picha aliikoleza na karatasi pamoja naye, nami nilikuwa nimeshughulika na mjusi peke yake nisiione.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, na leo nataka niwaambie kwa nini naliona zito kuliko udanganyifu wa kawaida wa biashara. Mtu akiipamba picha ya gari au kiti, ameficha mkwaruzo. Reptilia ni habari nyingine. Wengi wao hawalii, hawabweki, na uso wao haukunjami kwa maumivu. Mengi wanayotuambia wanatuambia kwa ngozi. Kinyonga aliyepata baridi hukoza rangi ili anyonye joto la jua. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hupauka, macho yakawa na ukungu wa samawati. Mgonjwa huweza kufifia. Anayeibadilisha rangi yao kwenye simu amewaziba mdomo.

Sasa, si kila picha inayopotosha imehaririwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapoumia bila kumjua wa kumlaumu. Chukueni kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba ngozi yake ina fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo guanini, na dume anaposisimka nafasi kati ya fuwele hizo hupanuka, kijani ikageuka njano au chungwa. Hilo hutokea ndani ya dakika chache. Basi mpiga picha anamwonyesha dume mwenzake, au kioo, anasubiri awake, anapiga. Picha ni ya kweli kabisa, haijaguswa na programu yoyote, ila unachokiona ni mnyama aliye katika hali ya kupigana. Nyumbani kwako, akiwa ametulia, hatakuwa hivyo, na ukimlazimisha awe hivyo kila siku utamchosha hadi augue.

Geko wa kishungi, Correlophus ciliatus, naye hukoza rangi usiku na kupauka mchana. Huyu tena ana jambo moja la kuangalia: mkia wake ukikatika hauoti. Picha nyingi za kichwa na mabega peke yake zina sababu yake.

Halafu kuna umri. Chatu wa kijani wa New Guinea, Morelia viridis, huzaliwa wa njano au mwekundu, kisha baada ya miezi kadhaa hugeuka kijani. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejikunja kama mpira akiogopa, huanguliwa na rangi kali ambazo kwa aina nyingi hufifia kadiri anavyokua. Tangazo linaloweka picha aliyopigwa akiwa na wiki mbili, ilhali leo ana miaka mitatu, linadanganya kwa tarehe. Na lile linaloweka picha ya baba likakuuzia mtoto pasipo kusema hivyo, sioni namna ya kulitetea.

Nirudi kwenye uhariri wenyewe. Kukoleza rangi ndiko tunakokuzungumzia zaidi, lakini mimi naogopa zaidi kulainisha. Simu nyingi za sasa hulainisha picha zenyewe bila kuombwa, kwa ajili ya sura za watu. Ukimpiga nyoka kwa kamera hiyo, magamba yanayeyuka yakawa kama udongo wa mfinyanzi. Pamoja na magamba vinaondoka utitiri, ambao kwa macho ni vidoti vyeusi kandokando ya jicho na chini ya kidevu; vinaondoka vipande vya gamba la zamani vilivyong'ang'ania; yanaondoka makovu na alama za kupe zinazoweza kukudokeza kwamba mnyama aliyetangazwa kuwa amezaliwa kizimbani alitolewa porini. Chatu wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na biashara yao ya kimataifa inahitaji vibali. Kwa hiyo kovu lililofutwa kwenye picha linaweza kuwa limefutwa pamoja na ushahidi.

Mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa geko chui wa aina iliyopewa jina la Lemon Frost. Alikuwa mweupe-njano mwenye kung'aa, wafugaji wakampenda, bei ikapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba jeni inayohusishwa na mng'ao ule inahusishwa pia na uvimbe wa ngozi, uliowapata zaidi ya asilimia 80 ya walioirithi. Uvimbe unatoka kwenye seli zilezile zinazotengeneza weupe. Mng'ao tulioushangilia kwenye picha na ugonjwa vilikuwa na chanzo kimoja. Vinundu vyenyewe hutokea sana tumboni, na ni nadra kuona tangazo lenye picha ya tumbo.

Na kuna maradhi ambayo picha isiyo na hila yoyote haiwezi kuyaonyesha. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi wa aina ya rangi iitwayo Spider hutikisika kichwa, wengine kidogo, wengine hadi wanashindwa kulenga chakula. Ukimpiga picha, kichwa kimetulia, maana picha yoyote hutuliza. Ndiyo maana nasema: omba video. Aonekane akitembea, akipanda mkono wa mtu, akila. Mjusi mwenye mifupa laini haufichi mwendo wake.

Mkiniuliza picha gani ya kuomba, jibu langu ni fupi. Mnyama mzima, kuanzia pua hadi ncha ya mkia, juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha mchana, bila taa ya joto. Taa nyekundu ikiwaka hata mfugaji mwaminifu kabisa atatoa picha ya uongo, kamera yake haina hatia na yeye hana hatia. Pembeni pawe na kidole cha mtu na kijikaratasi chenye tarehe ya siku hiyo. Karatasi ikiwa ya samawati au ya njano, au kidole kikiwa na wekundu usio wa binadamu, rangi ya mnyama nayo usiiamini. Kisha tumbo, na eneo la haja, lisiwe na uchafu ulioganda. Iwekeni picha hiyo kwenye huduma ya mtandaoni ya kutafuta picha zinazofanana, mwone kama imetumika kwingine kwa jina jingine. Na hifadhini nakala, kwa sababu madoa ya chatu au ya geko hayafanani na ya mwenzake, mkimpokea, mlinganishe.

Siku hizi zimeingia picha zilizoundwa na kompyuta tangu mwanzo. Kwa hizo angalieni magamba ya kichwa na vidole. Nyoka halisi ana magamba makubwa yenye mpangilio juu ya mdomo. Kompyuta mara nyingi hukosea hesabu au huyachanganya. Lakini zinaboreka haraka, na mimi nategemea zaidi kijikaratasi cha tarehe na video ya papo hapo.

Neno kwa wenzangu tunaouza. Najua mnachosema: nikiweka picha ya kweli, jirani yangu aliyekoleza anauza kabla yangu. Ni kweli, limenitokea. Nimewahi kukaa na watoto wa chatu wenye afya miezi mitatu bila mnunuzi. Lakini nimewaona pia wanyama waliorudishwa, waliosafirishwa mara mbili kwa wiki moja ndani ya boksi, kwa kosa la kuwa na rangi waliyozaliwa nayo. Wengine hawarudishwi hata. Wanaachwa tu, hawapelekwi kwa daktari, kwa kuwa mwenyewe ameshawachukia. Gharama ya picha ile analipa mnyama. Mimi sasa naweka picha mbili, moja siku chache kabla hajajivua gamba, akiwa amepauka kabisa, nyingine baada ya kujivua, na ninaandika ipi ni ipi. Wanaokuja baada ya kuziona hizo wanauliza maswali ya chakula na joto.

Picha ya mwisho. Huyu ni geko yuleyule wa mwanzo, nimempiga asubuhi ya leo. Miguu haikunyooka, na daktari aliniambia mapema kwamba haitanyooka. Hapandi mawe, nimemtandikia kizimba tambarare, sahani ya maji ni ya chini. Taya limekaza. Rangi yake ni njano ya kawaida, na pale kwenye mkia, sogeeni kidogo muone, umejaa. Chini yake ni karatasi ya kupangusia, nayo ni nyeupe. Taa ziwashwe tafadhali, tuanze maswali.