Pimeni Mwanga, Msipime Shela

Jamani, hili nalisema kila nikikutana na wapiga picha wa harusi, na leo nalirudia: bebeni kadi ya kijivu, maana kamera haijui bibi harusi kavaa nini. Kipimo chake cha mwanga kinadhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Jaza fremu shela jeupe, itapunguza mwanga mpaka shela liwe kijivu, na uso wa mwenyewe, kama ni mweusi, unazama. Hamia kwa bwana harusi na suti yake nyeusi: sasa inaongeza mwanga, suti inapauka, paji la uso linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu. Ukumbi ule ule, taa zile zile! Halafu dada wa watu anaambiwa ngozi yake ni ngumu kupiga picha. Sitaki kulisikia tena neno hilo. Ngozi haina kosa.

Dawa ni kadi ya kijivu: kadi ya kawaida tu, inarudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, kijivu kile kile kamera inachokidhani, basi. Mpe bibi harusi aishike usoni pake, ielekee kamera, isimetemete. Sogea mpaka ijaze fremu, pima, weka kasi ya shata na tundu la lenzi kwa mkono, usiguse tena mpaka mwanga ubadilike. Shela litabaki jeupe na suti nyeusi, maana umepima mwanga, hukupima nguo.

Najua mtaniambia, "Mimi napiga RAW, faili ghafi la kamera, nitarekebisha kwenye kompyuta." Kwa kulinganisha na nini? Saa saba mchana chini ya turubai la bluu, kila uso umeingia ubluu, na macho yako yameshauzoea. Ukiwa na fremu moja ya kadi iliyopigwa hapo hapo, unaibofya kadi ile kwenye programu kuiambia hiki ndicho kijivu, na rangi za picha zote za turubaini zinanyooka. Tena lasi ya shela ikishaungua, RAW hairudishi kisichorekodiwa.

Kwa nini nang'ang'ana? Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi kama zetu hazikuwamo kwenye kipimo. Leo kipimo tunacho mkononi, cha bei ndogo, na bado tunakiacha nyumbani!

Mkitumia flashi, kadi ipigwe flashi ikiwaka. Mkihama mahali, pigeni upya. Video tutaizungumza siku nyingine. Kadi ziko mezani pale, kila mmoja achukue yake twende nje, jua bado lipo.